Mraba wa milimita 8 kwenye chuma cha milimita 30: uchambuzi wa kisa

Mhunzi anayefua misumari ya mraba na boliti za shingo ya mraba alihitaji bamba jipya la kufanyia vichwa. Bamba la aina hii ni kipande cha chuma kinene chenye tundu. Msumari uliokwisha kufuliwa hutumbukizwa humo ukiwa mwekundu, sehemu kidogo ikabaki juu, kisha nyundo huibamiza sehemu hiyo mpaka iwe kichwa. Chuma alichokuwa nacho ni cha kawaida, chenye kaboni kidogo, urefu milimita 120, upana 80, unene 30. Alitaka matundu mawili ya mraba: la milimita 8 kwa ajili ya misumari, na la milimita 12 la kuchomekea mashina ya zana ndogo kama vikatio na vifuawe vya kukunjia.

Vifaa vyake ni vile vya karakana ndogo: tanuri, fuawe, mashine ya kutobolea ya kusimama, grenda, mashine ya kuchomelea, jiliwa (kibanio cha mezani) na tupa za kila namna. Mashine ya kukerezea hana, ya kuchonga kwa meno yanayozunguka hana, na presi (mashine ya kukandamiza) pia hana.

Ukiitazama kazi hii kwenye karatasi, inaonekana ndogo mno. Tundu la mviringo la kipenyo cha milimita 8 lina eneo la milimita za mraba kama 50, na mraba wa milimita 8 una 64. Tofauti ni 14, zimegawanyika kwenye kona nne. Zidisha kwa unene wa 30 utapata chuma cha kuondolewa kisichozidi gramu 3 na kidogo. Biti ya kutobolea imeshatoa zaidi ya robo tatu ya mzigo. Ila hizo gramu 3 zimejificha mahali ambapo hakuna kitu kinachozunguka kinachoweza kuzifikia, na zimetandazwa kwenye kina karibu mara nne ya upana wa tundu. Uwiano huo wa kina na upana ndio uliomsumbua siku zote alizoshughulika na bamba hili.

Alianza na tupa, kama ambavyo wengi wangeanza. Akatoboa tundu la 7.5, akalibana bamba kwenye jiliwa, akaingiza tupa nyembamba ya mraba na kuanza kupiga. Tupa inayoingia kwenye tundu la milimita 7.5 ni nyembamba kiasi kwamba inapinda mkononi. Kwa kuwa imeshikwa upande mmoja tu, mkono ukienda mbele ncha huinuka, ukirudi ncha hushuka. Ikiyumba kwa nyuzi 1 tu, kwenye kina cha milimita 30 huo ni mkengeuko wa nusu milimita. Matokeo yake ni tundu lenye midomo mipana juu na chini na kiuno chembamba katikati. Alipoingiza kipande cha nondo ya mraba kupima, kilikaza katikati huku kikicheza midomoni. Kupiga tupa zaidi kungeongeza midomo kuliko kiuno, maana kiuno ndicho sehemu ambayo tupa inaifikia kwa shida. Aliacha kabla midomo haijapita kipimo, na uamuzi huo peke yake uliliokoa bamba.

Hatua ya pili ilikuwa kabari ya moto. Njia hii ni halali na ya siku nyingi: unatoboa tundu la mviringo, unapasha bamba mpaka lifikie rangi ya chungwa iliyokolea, kisha unapigilia kabari ya chuma kigumu iliyochongoka taratibu kutoka mviringo kwenda mraba. Kona hazikatwi, zinasukumwa. Kwa bamba la milimita 10 au 12 kazi huisha kwa kupasha mara moja au mbili. Yeye alichonga kabari yake kutoka kwenye springi ya gari, akaipaka mafuta, akaipigilia. Iliingia vizuri mpaka kama theluthi mbili, ikasimama. Akaongeza nyundo, kichwa cha kabari kikatandazika kama uyoga, lakini ncha haikusogea.

Kulikuwa na mambo matatu yaliyotokea kwa wakati mmoja, na inafaa kuyatenganisha. Kwanza ni joto. Bamba lile lina uzito wa kilo 2 na ushee, kabari haifiki gramu 100. Kitu kidogo namna hiyo kikizungukwa na chuma cha moto pande zote hupata joto lake kwa sekunde chache, na chuma cha springi kikishakuwa chekundu hakina ugumu wowote wa kujivunia. Kwa hiyo kabari ilianza kuvimba ndani ya tundu badala ya kulipanua. Wafuaji wazoefu hupiga mapigo mawili matatu, wakaichomoa, wakaipoza, wakairudisha. Yeye alipiga mfululizo akitumaini kumaliza kabla bamba halijapoa.

Pili ni kule chuma kinakokwenda. Kabari haiondoi zile gramu 3, inazihamisha tu. Kwenye bamba jembamba zinatokea usoni kama ukingo ulioinuka, unausaga, basi. Kwenye milimita 30 chuma cha katikati hakina pa kutokea isipokuwa kusukuma ubavu wote wa bamba, na ubavu wenyewe ni mnene na umepoa kuliko uso wa tundu.

Tatu ni kusinyaa. Chuma kikishuka kutoka joto la kufulia hadi joto la kawaida hupungua kwa zaidi kidogo ya asilimia 1. Kwa tundu la milimita 8 hiyo ni kama sehemu ya kumi ya milimita. Ni kidogo, lakini sehemu hiyo hiyo ya milimita ndiyo mafundi wanayoitumia makusudi wanapotaka pete ya chuma ing'ang'anie mhimili usitoke tena. Kabari ikibaki tunduni wakati bamba linapoa, inabanwa kwa namna hiyo hiyo. Ilibidi bamba lirudishwe tanurini na kabari ipigwe kutoka chini. Ilitoka imepinda.

Hapo kijana anayejifunza kazi kwake alileta bamba la zamani, lile lililopasuka na kuachwa kwenye rundo la vyuma chakavu. Aliligeuza chini juu akauliza, "Fundi, mbona hili chini ni duara?"

Na kweli ni duara. Juu palikuwa na mraba mdogo nadhifu, lakini ukiligeuza unaona mdomo mpana wa mviringo unaopanda hadi karibu na uso. Mraba wenyewe ulikuwa na kina cha kama milimita 8 au 9 tu. Sehemu yote iliyobaki ni uwazi. Mhunzi alikuwa amelitumia kwa miaka bila kulitazama upande wa chini.

Kwa maoni yangu, kisa chote kinageuka hapa. Msumari ukiwa tunduni unaguswa wapi? Bega lake linakaa ukingoni mwa uso wa juu, na milimita chache za shingo zinazuiwa zisizunguke wala kuvimba wakati nyundo inashuka. Chini ya hapo mguu wa msumari unazidi kuwa mwembamba na unaning'inia hewani. Ukiguswa ni hasara, kwa sababu utakwama. Kwa boliti ya shingo ya mraba ni vivyo hivyo: mraba unaotakiwa ni urefu wa shingo, na shingo nyingi hazizidi unene wake zenyewe. Unene wa 30 unahitajika ili bamba lisipinde chini ya nyundo. Unene huo ni mahitaji ya bamba, si ya tundu. Mhunzi alikuwa ameyachukua mambo mawili tofauti kama jambo moja, na akatumia nguvu zake zote kuchonga mraba kwenye milimita 22 ambazo hakuna msumari utakaowahi kuzigusa.

Baada ya hapo mpango ulibadilika. Lile tundu la kwanza lilikuwa limeharibika, kwa hiyo alihamia upande wa pili wa bamba, akiacha ukingo wa milimita zisizopungua 25 kutoka pembeni. Alitoboa kwanza tundu dogo la milimita 3 kupitia unene wote, akitoa biti mara kwa mara ili chenga za chuma zisijazane. Tundu hilo ni la kuongoza tu: ukiligeuza bamba, katikati ya upande wa chini inakuwa imeshajulikana, huhitaji kupima upya. Kisha kutoka chini akaingiza biti ya milimita 13. Kwa nini 13? Ulalo wa mraba wa milimita 8 ni 11.3, na uwazi wa chini lazima uzidi ulalo huo ili kona zote nne zitokee hewani.

Kina cha biti hiyo kinahitaji uangalifu. Biti ya kawaida haina ncha bapa; ina pembe ya nyuzi 118, kwa hiyo mwisho wa shimo ni koni. Ukipima kina kwenye mabega ya biti, utakuta chuma kilichobaki karibu na katikati ni chembamba kuliko ulivyodhani. Kwa vipimo vya hapa, tofauti kati ya bega la biti na ukingo wa tundu la kati la milimita 7.5 litakalofuata ni kama milimita 1.6. Alitaka zibaki milimita 8 ukingoni, basi alisimamisha mabega ya biti yakiwa yamebakiza karibu 10 kufika uso wa juu. Koni hiyo haina ubaya. Inaacha chuma kingi zaidi nje ambako mzigo wa nyundo unahamia, na ni imara kuliko bega la pembe kali.

Sasa kazi ya mraba ikawa ya kina cha milimita 8 badala ya 30. Ile nyuzi 1 ya kuyumba kwa mkono, iliyokuwa ikileta kosa la nusu milimita, hapa inaleta kama milimita 0.14 tu. Mkono ni ule ule, tupa ni ile ile.

Alichora mraba kwa msumari mkali na skwea, akatia alama nne za panchi kila moja milimita 1 ndani kutoka pande mbili zinazokutana, akatoboa matundu manne ya kipenyo cha milimita 2. Haya yanatangulia biti ya kati ya 7.5. Ukianza na la kati, biti nyembamba huteleza na kuangukia kwenye uwazi, au huvunjika. Hata hivyo inapotokea upande wa chini inakutana na mteremko wa koni, na hapo ndipo pa kulegeza mkono, kwa sababu biti ya milimita 2 haisamehe. Baada ya hapo akatoboa katikati kwa 7.5 taratibu, maana biti inakamata kidogo pale inapokutana na vitundu vya kona. Kilichobaki kilikuwa ni vipande vyembamba kati ya kona na kona, robo milimita kila upande.

Kwenye tupa kulikuwa na ujanja mmoja ambao ningependa kila anayeanza aujue. Alichukua tupa ya mraba, akasaga uso wake mmoja kwa grenda mpaka meno yakaisha kabisa na uso ukawa laini. Uso huo laini unaegemezwa kwenye ukuta ambao umeshakamilika, huku uso wa jirani wenye meno ukikata ukuta unaofuata. Bila hivyo, kila ukinyoosha upande mmoja unaula ule uliomaliza, na tundu linakua bila mwisho. Kona zenyewe alizigusa kwa tupa ya pembetatu, ambayo makali yake ya nyuzi 60 yanaingia kwenye kona ya nyuzi 90 bila kugusa kuta.

Ila hakuzifikisha kuwa kali. Aliacha mviringo mdogo wa karibu nusu milimita kila kona, na sababu ilikuwa mikononi mwa yule kijana: bamba la zamani lilikuwa limepasuka kutokea kona moja ya mraba hadi ukingoni. Kona kali ya ndani hukusanya msukumo wote wa nyundo kwenye mstari mmoja, na chuma kinachopashwa na kupozwa kila siku kinaanzia kupasuka hapo hapo. Msumari hauhitaji kona kali. Shina la zana likikataa kuingia, piga kingo zake kwenye grenda, ni kazi ya dakika moja.

Mwisho alifungua kuta kidogo kwenda chini, kama nyuzi 1 kila upande, ili msumari ukigongwa kutoka chini utoke bila kubishana. Juu tundu ni 8.0, chini ya zile milimita 8 ni karibu 8.3. Mtu anaweza kumalizia mteremko huu kwa kabari fupi ya moto inayopigwa kutoka chini, na hapa kabari inafanya kazi vizuri kwa sababu inasukuma chuma kidogo kwenye kina kidogo na inatoka mara moja. Yeye alitumia tupa tu.

Kabla sijafika kwenye tundu la pili, niseme kidogo kuhusu njia ambazo huwa zinatajwa mtu akiuliza namna ya kutoboa tundu la mraba. Biti inayotoboa mraba ipo kweli. Mwingereza Harry Watts aliibuni mwanzoni mwa karne ya 20, akitumia umbo la pembetatu yenye pande za mviringo linaloitwa kwa jina la mhandisi Mjerumani Franz Reuleaux. Umbo hilo likizunguka ndani ya mraba linafagia asilimia 98.77 ya eneo lake. Lakini katikati yake haitulii mahali pamoja, hivyo inahitaji kishikio maalumu kinachoruhusu biti kuyumba na bamba la kuiongoza, na bado kona zinabaki na mviringo. Kwa karakana isiyo na mashine ya kukerezea ni simulizi nzuri tu. Brochi ya kusukuma, ile fimbo yenye meno yanayoongezeka ukubwa kidogo kidogo, inatoa mraba safi sana ikiwa una presi na ukaisukuma wima. Brochi inayozunguka ikiwa imeinama kwa nyuzi 1 ni ya haraka zaidi lakini inataka mashine nzito, na haipendi kina kirefu. Kukata kwa waya wenye cheche za umeme hakujali ugumu wa chuma, na unene kama huu hauna shida: kinachotakiwa ni tundu dogo la kupitishia waya, na kona inabaki na mviringo mdogo sana. Kama unaweza kumpelekea mwenye mashine hiyo, mpelekee. Hakuna sifa ya ziada kwa kupiga tupa.

Tundu la milimita 12 lilikuwa habari nyingine, na hapa ile hila ya kufungua chini haikufaa. Shina la zana linapochomekwa linapigwa kutoka kila upande. Zana inataka kupinduka, na kinachoizuia ni urefu wa shina uliobanwa kati ya kuta. Ukiiachia milimita 8 tu, itayumba na kula ukingo mpaka tundu liwe yai. Kina kinahitajika hapa kwa sababu ya kazi ya tundu lenyewe, si kwa sababu bamba ni nene.

Kijana alipendekeza warudi kwenye kabari. "Hapana, mwanangu," mzee alimjibu, "hili tusilitoboe kabisa." Akaacha wazo la kuweka matundu yote kwenye bamba moja, akaamua kulijenga la pili badala ya kulichimba. Alikata vipande viwili vya bamba kwa ajili ya kuta za nje, na vipande viwili vifupi kutoka kwenye nondo ile ile ya mraba ya milimita 12 anayotengenezea mashina. Vipande hivyo viwili vikilazwa kati ya kuta na kuachwa mbali kwa milimita 12, nafasi inayobaki ni mraba, na upana wake kwa upande mmoja unatoka moja kwa moja kwenye nondo bila kupima chochote. Katikati akaweka kipande cha tatu cha nondo hiyo kama kalibu, amekizungushia bati jembamba upande mmoja na upande wa jirani ili tundu liwe kubwa kidogo kuliko shina.

Kingo za nje alizichonga kwa umbo la V ili kuchomelea kushike ndani, si usoni tu. Alichomelea mistari mifupi kwa kupokezana pande, kwa sababu mstari unapopoa husinyaa na kuvuta kuta ndani, na ukimaliza upande mmoja wote kwanza tundu linageuka msambamba. Baada ya kila mstari aligonga kalibu isogee kidogo mbele na nyuma. Iliposogea kwa shida aliacha, akangoja kipoe, akaichomoa, akapiga tupa mahali ilipokuwa inakwama, akairudisha. Tundu lililopatikana lina kina cha milimita 40, na kuta zake zimenyooka kuliko vile tupa ingeweza kuzinyoosha. Udhaifu wake uko kwenye mishono, kwa hiyo kifaa hiki kinakaa kwenye jiliwa au kinalazwa juu ya fuawe, hakipigwi ubavuni.

Bamba la misumari hakulizima majini ili liwe gumu. Chuma chenye kaboni kidogo hakipati ugumu wa maana kwa kuzimwa, na msumari mwekundu ni laini kuliko bamba hata hivyo. Ukingo wa juu utalika polepole kwa mapigo yanayokosea, na utakapolika atausaga uwe bapa tena. Kwa kuwa kuta zinafunguka kwenda chini kwa nyuzi 1 kila upande, kila milimita inayosagwa juu itaongeza upana wa tundu kwa kama 0.035. Anaweza kusaga milimita 2 au 3 na misumari yake ikaendelea kukaa vizuri. Zikipita hapo, biti ya 13 tayari imeacha nafasi chini, kwa hiyo mraba huo utafunguliwa ufike 9 kwa misumari minene kidogo.